Ninauza mitumba mtandaoni nikiwa Mtwara: nitenganishe vipi mauzo yangu na fedha nyingine kabla ya makadirio ya TRA?

BintiChikongola

Salamu zenu wanajukwaa, na shikamooni wakubwa wote.

Ninaishi Mtwara mjini, na kazi yangu ni kuuza nguo na viatu vya mtumba pamoja na vyombo vya nyumbani vilivyokwisha kutumika, kama majokofu, feni na majiko ya gesi. Sina fremu. Wateja wangu karibu wote wanatokana na picha ninazoweka WhatsApp na Instagram. Nguo ninazinunua kwa belo Dar es Salaam, vyombo ninavinunua kwa watu wanaohama au wanaobadilisha, kisha mizigo ninaituma kwa basi hadi Masasi, Newala, Tandahimba na wakati mwingine Lindi. TIN ninayo.

Jambo linalonitatiza ni kwamba namba moja ya simu ndiyo inayopokea kila kitu. Kwa mwaka uliokwisha, fedha zilizoingia katika namba hiyo zinakaribia shilingi milioni 13, ilhali daftari langu linaonyesha kwamba mauzo ya vitu vyangu mwenyewe ni shilingi 8,400,000. Zilizobaki ni nauli za mizigo ambazo wateja hunitumia nikawalipie kwenye basi, michango ya kikoba ambacho mimi ni mweka hazina wake, na bei za vitu vya majirani ninavyowauzia kwa kamisheni. Nataka niende kwenye makadirio nikiwa na kumbukumbu zinazojieleza zenyewe. Naomba kuelekezwa niandike nini na kwa namna gani, na pia nifahamu kama natakiwa kumwongezea mteja asilimia 18 ya VAT.

KijanaWaMikindani

Dada, pole na majukumu. Kwa maoni yangu biashara yako bado ni ndogo, na kitambulisho cha mjasiriamali kinakutosha. Wengi tunaouza kwenye simu tunacho hicho tu, na hatujawahi kuulizwa daftari.

MhasibuLigula

Dada, naomba nianze kwa kumsahihisha kwa heshima mdogo wangu wa Mikindani, kwa sababu ushauri wake unaweza kukugharimu. Vitambulisho vile vilipoanza kutolewa mwishoni mwa mwaka 2018 vililengwa kwa wafanyabiashara wadogo ambao mauzo yao hayazidi shilingi milioni 4 kwa mwaka. Wewe umekwisha kuvuka hapo mara mbili, na kuuza kupitia simu hakukuondoi katika sheria inayomhusu mwenye kibanda pale Soko Kuu.

Kuhusu VAT, jibu ni hapana. Tanzania Bara mfanyabiashara hulazimika kusajiliwa kwa VAT pale mauzo yake yanapofikia shilingi milioni 200 kwa mwaka, kiwango kilichopandishwa mwaka 2023 kutoka milioni 100. Asiyesajiliwa hana ruhusa ya kumtoza mteja hata senti moja kwa jina hilo.

Kodi inayokuhusu ni kodi ya mapato kwa mfumo wa makadirio, ambao ni wa mtu binafsi mwenye mauzo yasiyozidi milioni 100 kwa mwaka, na hapa ndipo daftari lako linapokuwa na thamani ya fedha taslimu. Mwenye mauzo kati ya milioni 7 na milioni 11 asiye na kumbukumbu hulipa shilingi 250,000. Mwenye kumbukumbu hulipa 90,000 pamoja na asilimia 3 ya kiasi kinachozidi milioni 7. Kwa mauzo yako ya 8,400,000, ziada ni 1,400,000, asilimia 3 yake ni 42,000, na kodi yako ya mwaka inakuwa 132,000. Sasa fikiria ukienda na taarifa ya miamala peke yake, na ile milioni 13 yote ikahesabiwa kuwa ni mauzo: utaangukia katika kundi la juu ya milioni 11, ambalo Sheria ya Fedha ya mwaka 2022 ililiwekea asilimia 3.5 ya mauzo yote, yaani shilingi 455,000, na juu ya hapo utatakiwa kuwa na EFD, yaani mashine ya kutolea risiti za kielektroniki. Ndiyo maana ninasisitiza kwamba kutenganisha fedha ndiko kazi yenyewe. Mengine yote yanafuata nyuma yake.

Kwa hiyo fungua laini nyingine au Lipa Namba kwa ajili ya biashara pekee, na michango ya kikoba isipite humo hata siku moja. Nauli ya basi, ikiwezekana, mteja ailipe mwenyewe anapopokea mzigo, kwa sababu fedha isiyopita mikononi mwako hutahitaji kuitolea maelezo. Ikibidi uilipe wewe, ipe safu yake katika daftari na uambatanishe stakabadhi ya kampuni ya basi yenye kiasi kilekile.

FundiMajokofuLindi

Naongezea upande wa ununuzi, maana vitu vilivyotumika vina jambo lake ambalo vitu vipya havina. Belo unapewa risiti ya EFD dukani, na ni wajibu wako kuidai. Lakini jokofu unalolinunua kwa mtumishi anayehamishwa kutoka Lindi kwenda Dodoma halina risiti, na yeye si mfanyabiashara, hivyo huwezi kumdai. Mimi huandika hati fupi ya mauziano yenye tarehe, jina la muuzaji, namba yake ya simu, namba ya kitambulisho cha NIDA, aina ya kifaa, namba iliyochapwa nyuma yake, bei, na sahihi zetu sote wawili. Kwa simu za mkononi naandika IMEI, yaani namba ya utambulisho ya simu yenyewe, ambayo huonekana ukibonyeza *#06#. Hati hiyo inaonyesha mzigo umetoka wapi, na siku polisi wakitafuta kifaa kilichoibwa, hutabaki unajieleza kwa mdomo mtupu. Namba za watu za NIDA uzifungie kabatini, usizipige picha na kuzisambaza kwenye makundi.

BintiChikongola

Nawashukuru sana. Kaka Mhasibu, naomba unifafanulie mambo mawili. La kwanza ni vitu vya majirani: nikiuza kochi la mtu kwa shilingi 300,000, yeye akachukua 270,000 na mimi nikabaki na 30,000, mauzo yangu ni yapi? La pili, biashara yangu inafuata korosho. Minada inapoanza mwezi wa kumi, na wakulima wakalipwa na vyama vyao vya ushirika (AMCOS), ninauza kwa wiki moja kiasi ninachouza kwa miezi miwili ya masika. Nahofia makadirio ya Januari yatafanywa kwa kuangalia hali ya msimu.

MhasibuLigula

Maswali yote mawili ni ya msingi.

Kwa kochi, kama wewe ni wakala tu, mapato yako ni ile kamisheni ya 30,000, na 270,000 ni fedha ya mwenye mali iliyopita kwako. Lakini uwakala huo lazima uonekane kwenye maandishi kabla kitu hakijauzwa: karatasi ya makubaliano inayosema mali ni ya nani, bei gani imekubaliwa, kamisheni ni kiasi gani, na baada ya kuuza, uthibitisho wa muamala uliomtumia mwenye mali. Karatasi hiyo isipokuwepo, anayekukagua anaona shilingi 300,000 zimeingia kutoka kwa mnunuzi, na hana sababu ya kuamini kwamba si mauzo yako. Vitu hivi viwekee daftari la peke yake.

Kuhusu korosho, dawa yake ni kuandika kila siku, hata siku ambayo hukuuza kitu. Andika tarehe, kitu, bei, njia ya malipo, namba ya muamala na mahali mzigo ulikokwenda. Kila mwisho wa mwezi jumlisha. Ukikaa mbele ya ofisa ukiwa na jumla za miezi 12, atauona mwezi wa nne ulivyokuwa mtupu sawasawa na anavyoiona Novemba iliyojaa, wala hatalazimika kukisia mwaka mzima kutokana na wiki za mnada. Mteja akirudisha kiatu, usifute mauzo ya awali. Andika mstari mpya wa marejesho wenye tarehe yake. Kodi yenyewe hulipwa kwa awamu nne, mwishoni mwa Machi, Juni, Septemba na Desemba, hivyo 132,000 ni shilingi 33,000 kila awamu, na mtu wa msimu kama wewe anafanya vyema kuitenga fedha ya awamu za katikati ya mwaka wakati mfuko bado una kitu.

FundiMajokofuLindi

Na risiti usizirundike tu kwenye mfuko wa nailoni. Karatasi za EFD na za mabasi hufifia, hasa kwa joto la pwani yetu, na baada ya miezi michache hubaki nyeupe kabisa. Zipige picha siku unayozipata.

BintiChikongola

Kumbukumbu hizi ninatakiwa kuzitunza kwa muda gani? Na je, daftari la mkono, tena la Kiswahili, linakubalika?

MhasibuLigula

Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inataka kumbukumbu zitunzwe kwa muda usiopungua miaka 5, kwa Kiswahili au Kiingereza. Daftari la mkono linakubalika mradi linasomeka na halina kurasa zilizochanwa. Matangazo ya Instagram usiyafute kabla ya kuhifadhi picha yake yenye bei. Taarifa za miamala za mwaka uliopita ziombe kwa kampuni ya simu wiki hii, uzichapishe, kisha upite mstari kwa mstari ukiandika pembeni kwa kalamu: mauzo, nauli, kikoba, mali ya mtu. Ukimaliza, jumla ya mauzo ilingane na ile 8,400,000 ya daftari. Ikipishana, tafuta tofauti ilipo kabla hujaenda ofisini.