Karatasi ya kambi inataja goti la kulia badala ya la kushoto, na VA imeyakataa madai yangu: nianzie wapi?

Swali kutoka kwa BintiWaKilifi

Salaam kwenu wanajukwaa, hasa wenzangu mliovaa sare za Marekani.

Nilihudumu katika jeshi la nchi kavu la Marekani nikiwa dereva wa malori, nikamaliza mkataba wangu na kuondoka kwa heshima. Nikiwa bado kazini nilianguka kutoka nyuma ya lori tulipokuwa tukishusha mizigo, na goti langu la kushoto halijapata kuwa sawa tangu hapo. Niliwasilisha madai ya fidia ya ulemavu kwa Idara ya Maveterani, VA, na mwezi wa Machi nikapokea barua ya kukataliwa.

Nilipopata nakala za faili langu ndipo nilipoelewa sababu. Karatasi ya kituo cha afya cha kambi, iliyoandikwa siku ile ile niliyoanguka, inataja goti la kulia. Chini yake kuna mstari unaosema kwamba nina maumivu ya goti tangu utotoni kwa sababu ya kukimbia mbio ndefu. Mimi ni mtu wa Kilifi na sijapata kushindana hata katika mbio za gunia. Ninachokumbuka ni kwamba mhudumu aliniuliza ninatoka nchi gani, nikamjibu Kenya, akasema kwa furaha kwamba basi bila shaka ni mkimbiaji, nami nikatabasamu kwa adabu kama tulivyolelewa. Miaka kadhaa baadaye, daktari wa mkataba aliyenifanyia uchunguzi wa fidia aliuchukua mstari huo kama ulivyo, akahitimisha kwamba tatizo lilikuwapo kabla sijaingia jeshini, na kwamba goti lililotibiwa wakati huo silo ninalolidai sasa.

Naomba mwongozo. Je, ninaweza kuitaka rekodi hiyo irekebishwe, na nimwandikie nani? Je, nisubiri marekebisho hayo kabla ya kuupinga uamuzi? Na je, mama yangu aliyeko Kilifi anaweza kuandika ushahidi kwa Kiswahili kwamba sikuwahi kuumia goti nikiwa mtoto?

Jibu kutoka kwa NesiWaBoston

Pole sana, dada. Kazi yangu ni ya hospitalini, kwa hiyo nitajibu upande wa rekodi tu.

Haki ya kuomba marekebisho unayo, chini ya Sheria ya Faragha ya 1974 na kanuni za HIPAA, sheria ya Marekani inayolinda taarifa za afya za mgonjwa. Ombi huandikwa kwa barua na kupelekwa kwa Afisa wa Faragha wa kituo kinachoitunza rekodi. Kwa hospitali za VA, idara inatakiwa kukiri kupokea ombi lako ndani ya siku 10 za kazi. Eleza ni ukurasa upi, tarehe ipi, maneno gani yamekosewa, yasomeke vipi, na uambatishe kinachothibitisha. Barua inayosema kwa jumla kwamba rekodi zangu zina makosa hairudi na kitu.

Lazima utofautishe jambo la hakika na maoni ya daktari. Goti la kushoto au la kulia ni jambo la hakika na linaweza kurekebishwa. Daktari akiandika kwamba, kwa maoni yake, ugonjwa ni wa tangu zamani, hayo ni maoni ya kitaalamu, na ni nadra kituo kuyabadilisha kwa ombi la mgonjwa. Hata hivyo, wakikataa unaweza kukata rufaa, na unayo haki ya kuwasilisha taarifa ya kutokubaliana ambayo huambatishwa kwenye rekodi, ili kila atakayeisoma aione.

Ningekushauri uanze na hili kabla ya mengine yote, kwa sababu makosa ya aina hii yana tabia ya kuzaana. Siku hizi wahudumu wengi hunakili historia ya mgonjwa kutoka maandishi ya awali na kuibandika katika ziara mpya, na baada ya miaka michache kosa moja linaonekana kama ushahidi wa madaktari watano.

Jibu kutoka kwa SajiniMstaafuTexas

Namheshimu dada nesi, na maelezo yake kuhusu marekebisho ni sahihi, ila kuhusu utaratibu wa nini kitangulie sikubaliani naye.

Kwanza, karatasi yenye kosa si ya VA. Ni ya jeshi. Hospitali ya VA haina mamlaka ya kuirekebisha. Unaweza kumwandikia afisa wa faragha wa kituo cha kijeshi, na ikishindikana kuna Bodi ya Kurekebisha Rekodi za Kijeshi, ambayo huombwa kwa fomu DD 149 ndani ya miaka 3 tangu ulipoligundua kosa, ingawa bodi inaweza kuusamehe ucheleweshaji ikiona haki inadai hivyo. Ni njia halali, lakini ni ndefu, na wakati ukiisubiri saa yako nyingine inakwenda. Tangu barua ya uamuzi ilipoandikwa una mwaka 1 wa kuupinga bila kuipoteza tarehe ya madai yako ya awali, na tarehe hiyo ndiyo huamua malipo ya nyuma yanaanzia wapi. Mwaka ukipita unaweza kuomba tena, lakini kwa kawaida tarehe itakuwa mpya na malipo ya miezi yote iliyotangulia yatakuwa yamekwenda.

Pili, na hili ndilo watu wengi hawalijui, huhitaji kulifuta kosa ili ushinde. Unahitaji kuonyesha kwamba ni kosa. Mwaka 1993, katika kesi ya Reonal, mahakama ya maveterani ilisema kwamba maoni ya daktari yaliyojengwa juu ya jambo lisilo la kweli hayana uzito wa ushahidi. Kwa hiyo itafute siku uliyoanguka katika karatasi nyingine za jeshi. Ombi la eksirei linataja goti lipi? Karatasi ya kukupumzisha kazi, ile DA 3349 inayoeleza usichoruhusiwa kufanya, inataja goti lipi? Kama karatasi mbili za tarehe hiyo zinasema kushoto na moja inasema kulia, mkaguzi yeyote makini ataona iliyokosea ni ipi.

Kuhusu mbio za utotoni, tafuta fomu DD 2808 ya uchunguzi wako wa kuingia jeshini. Ikiwa hakuna kasoro ya goti iliyoandikwa pale, sheria inakuhesabu kuwa uliingia ukiwa mzima. Ili kuipindua dhana hiyo, serikali inabidi ithibitishe kwa ushahidi ulio wazi usio na shaka mambo mawili kwa pamoja: kwamba tatizo lilikuwapo kabla, na kwamba utumishi haukulizidisha. Kesi ya Wagner ya 2004 iliweka jambo hilo bayana. Mstari mmoja wa mhudumu aliyedhani kila Mkenya ametoka Iten hauwezi kubeba mzigo huo.

Kwa hiyo wasilisha madai ya nyongeza kwa fomu 20-0995, pamoja na ushahidi mpya na unaohusika, kabla ya Machi mwakani. Ombi la marekebisho liende sambamba, lisitangulie.

BintiWaKilifi

Nawashukuru sana nyote wawili. Nimezipekua karatasi usiku huu. Ombi la eksirei linasema kushoto, na karatasi ya DA 3349 vilevile, zote za tarehe ile ile. Fomu ya DD 2808 haina neno lolote kuhusu magoti.

Kuna jambo jingine. Katika kundi letu la WhatsApp kuna mtu ananiambia niombe mapitio ya ngazi ya juu badala ya madai ya nyongeza, na amejitolea kulisafisha faili langu kwa asilimia fulani ya malipo nitakayopata. Mnasemaje?

Jibu kutoka kwa MwakilishiWaMadai

Dada, nimeidhinishwa na VA kuwawakilisha maveterani kupitia shirika lisilotoza ada, kwa hiyo naanza na huyo wa WhatsApp. Muulize kama ameidhinishwa, kisha mtafute katika orodha ya VA iliyo wazi mtandaoni. Mawakili na mawakala walioidhinishwa wanaruhusiwa kutoza ada kwa kazi inayofanyika baada ya uamuzi wa kwanza, lakini kwa mkataba ulioandikwa na kuwasilishwa VA. Asiyeidhinishwa haruhusiwi kutoza chochote kwa kuandaa madai. Wawakilishi wa mashirika ya maveterani kama DAV, VFW na American Legion hufanya kazi hiyo bure, na ukisaini fomu 21-22 wanaweza kulisoma faili lako la kielektroniki bila wewe kungoja nakala kwa miezi. Na neno hilo la kusafisha faili linanitia wasiwasi. Usikubali mtu yeyote aguse karatasi ya zamani, hata kwa nukta ya kalamu.

Mapitio ya ngazi ya juu, fomu 20-0996, hayapokei ushahidi mpya. Mkaguzi mwandamizi huangalia kilichokuwa kwenye faili siku ya uamuzi. Kama eksirei na DA 3349 vilikuwa tayari ndani ya faili na havikuzingatiwa, njia hiyo inawezekana, na unaweza kuomba mazungumzo ya simu na mkaguzi ili umwonyeshe kurasa zenyewe. Lakini wewe unataka kuongeza ushahidi wa mama, na ningependa pia uwe na barua ya askari mwenzako aliyekuwapo siku ile. Kwa sababu hiyo nakubaliana na Sajini: madai ya nyongeza.

Katika maelezo yako usimshutumu daktari. Andika kwa utulivu kwamba maoni yake yanategemea mambo mawili yasiyo sahihi, taja ukurasa na tarehe ya kila karatasi inayoyapinga, kisha uombe uchunguzi mpya wenye maoni yanayozingatia karatasi hizo. Ukitumwa tena kwa daktari, mweleze jambo hilo mapema, naye akiuliza unatoka wapi, jibu na uongeze kwamba hukuwa mkimbiaji.

Ushahidi wa mama na wa askari huandikwa kwenye fomu 21-10210. Mama anaweza kuandika kwa Kiswahili. Ambatisha tafsiri kamili ya Kiingereza iliyofanywa na mtu mwingine, si wewe, ikiwa na saini yake kwamba tafsiri ni sahihi. Mama aeleze aliyoyaona mwenyewe: ulivyotembea, ulivyocheza, ulivyofanya kazi za nyumbani bila kulalamikia goti, na jinsi alivyokuona ukipanda ngazi uliporudi likizo baada ya ajali, kama alikuona. Kuhusu lori asiandike chochote, kwa sababu hakuwapo. Hilo mwachie askari mwenzako.