Gari la Babu limezima upande mmoja

Kikundi: Nyumba ya Babu Omari

JUMAMOSI

[18:42] Baba Nuru: Salaam wote. Leo nimelitoa gari la Babu, mwendo wa dakika ishirini tu. Wakati wa kurudi taa ya "punguza mwendo", ile ya upande wa kulia, ikaanza kumetameta, halafu ikawaka moja kwa moja. Nguvu zikaisha ghafla. Nimefika nyumbani linakokota.

[18:43] Baba Nuru: Na kabla ya hapo mishale ya dashibodi ilikuwa inaruka. Nikiwasha taa kubwa yote inashtuka. Vioo vya milango navyo vinapanda kwa taabu.

[18:47] Shangazi Zainabu: Pole kaka. Wewe mwenyewe mzima?

[18:47] Baba Nuru: Mzima, dada. Roho tu ndiyo haijatulia.

[18:51] Idrisa: Kaka, hiyo ni kompyuta. Nimemuuliza fundi mmoja, kasema kwenye magari ya zamani ya Kiitalia kompyuta ndizo zinazokufa, tutafute nyingine. Kwa sasa chomoa soketi ya hiyo taa ili uweze kutembea.

[18:55] Mjomba Shabani: Shemeji, usiliwashe tena. Na taa hiyo asiiguse mtu. Naandika sasa hivi.

[19:14] Mjomba Shabani: Injini hiyo ni V8, silinda nne kila upande, na kila upande una kompyuta yake, mita yake ya hewa na masega yake kwenye eksozi, yaani katalisti, kile chombo cha kusafisha moshi. Ichukulieni kama injini mbili za silinda nne zinazozungusha kranki moja. Masega yana sensa ya joto. Yakizidi moto, taa inameta. Yakizidi zaidi, kompyuta ya upande ule inaacha kupeleka petroli ili masega yasiyeyuke. Kwa hiyo shemeji hukukosea kuhisi nguvu zimekatika. Nusu ya injini ilizimwa kweli.

[19:17] Mjomba Shabani: Sasa kwa nini masega yapate moto hivyo? Mara nyingi ni petroli ambayo haikuungua ndani ya silinda. Inatoka mbichi na kwenda kuungulia kwenye masega. Chuma kinakuwa chekundu, na jirani yake kuna waya na mipira ya petroli ya tangu 1991. Magari ya aina hii yameteketea kwa njia hiyo hiyo. Idrisa mdogo wangu, kuchomoa soketi ya taa ni kumziba mdomo mtu anayepiga ukelele wa moto.

[19:18] Idrisa: Nimeelewa kaka Shabani. Hilo silijui, nafuta nilichosema.

[19:21] Nuru: Shikamoo Mjomba. Mita ya umeme ninayo. Nilijaribu kuunganisha kile kifaa changu cha kusoma hitilafu, sikuona pa kuchomeka.

[19:24] Mjomba Shabani: Marahaba mpwa wangu. Hutapaona. Soketi ya pini 16 ililazimishwa Marekani kuanzia magari ya mwaka 1996, na Ulaya ikaja baadaye. Hili la Babu ni la zamani kuliko hapo. Mita yako inatosha kabisa, ila sikio na pua uvitumie pia.

[19:31] Mjomba Shabani: Kesho asubuhi anza na betri kabla ya kitu kingine chochote. Gari likiwa limelala usiku kucha: volti 12.6 imejaa, 12.2 imebaki nusu, ikishuka chini ya 12 iko hoi. Halafu mtaliwasha kwa dakika mbili tu, masega yakiwa baridi, pasi na kukanyaga mafuta, na kizimamoto kiwe mkononi mwa mtu, kisiwe stoo. Washeni taa na feni. Pima kwenye betri, kisha pima kwenye altaneta yenyewe, ile inayochaji betri. Nataka namba zote mbili.

[19:33] Baba Nuru: Babu alikuwa analisikiliza hili gari kama mtu anavyosikiliza mtoto akipumua usingizini. Mimi nimelirithi bila hilo sikio.

[19:35] Shangazi Zainabu: Naye alianza bila kujua, kaka. Mimi namkumbuka akiwa na bisibisi ndefu, ncha moja kwenye injini, mpini sikioni.

JUMAPILI

[08:10] Nuru: Betri ikiwa imetulia: 12.5.

[08:26] Nuru: Gari likiwaka, taa na feni zimewashwa: kwenye betri 12.4. Kwenye altaneta, kati ya tarmino yake na mwili wake, 14.1.

[08:27] Idrisa: Altaneta ni nzima basi?

[08:29] Mjomba Shabani: Altaneta inatengeneza. Volti 1.7 zinapotelea njiani. Kwa hiyo betri haichajiwi, inaliwa polepole. Nuru, tafuta zinakopotelea. Ncha moja ya mita kwenye tarmino ya altaneta, nyingine kwenye chanya ya betri. Kisha ncha moja kwenye mwili wa altaneta, nyingine kwenye hasi ya betri. Gari liwe linawaka, taa na feni zimewashwa.

[08:41] Nuru: Upande wa chanya 0.3. Upande wa hasi 1.4.

[08:42] Mjomba Shabani: 0.3 na 1.4 ni 1.7. Hesabu imefunga, hujakosea kipimo hata kimoja. Betri iko mbele na injini iko nyuma ya viti, waya wa chanya ni mrefu, 0.3 naivumilia. Ugonjwa uko kwenye athi, njia ya umeme kurudi kwenye betri. Zimeni gari. Ingieni chini, tafuteni mkanda wa shaba unaotoka kwenye gia boksi kwenda kwenye chesisi.

[08:45] Nuru: Lakini Mjomba, huo waya niliupima jana kwa mlio wa mita, ule wa kujua kama waya haujakatika, na ikalia vizuri. Nikaona mzima.

[08:52] Mjomba Shabani: Hapo ndipo mafundi wengi wanapodanganyika, nikiwemo mimi miaka ya mwanzo. Mlio unapitisha umeme kidogo sana. Waya ukibaki na nyuzi tatu tu, mita italia. Umeme wa kweli ukija, ampia 40 tuseme, nyuzi hizo zinashindwa. Chukua volti 1.4 gawanya kwa ampia 40: ukinzani ni omu 0.035. Mita ya kawaida haiwezi kuona kitu kidogo hivyo. Ndiyo maana waya mnene unapimwa ukiwa kazini, kwa volti zinazopotea.

[09:30] Baba Nuru: [picha] Huu hapa. Kijani kibichi kabisa, na boliti imefungwa juu ya rangi.

[09:31] Mjomba Shabani: Huyo ndiye aliyekuwa anachezesha mishale. Piga msasa hadi chuma king'ae pande zote mbili, weka mkanda mpya, kaza, paka grisi juu baada ya kukaza.

[10:48] Nuru: Betri 13.7, altaneta 14.1. Upande wa hasi sasa 0.1. Mishale imetulia, vioo vinapanda vizuri!

[10:49] Idrisa: 👏👏👏 Nuru wetu

[10:50] Mama Nuru: Hongera mwanangu. Njooni mnawe mikono sasa.

[10:51] Baba Nuru: Alhamdulillah. Kwa hiyo naweza kulijaribu barabarani jioni?

[10:53] Mjomba Shabani: Hapana shemeji. Tumepata ugonjwa mmoja. Ile taa hatujaigusa. Athi mbovu inaweza kuidhoofisha cheche, au hata kuichanganya sensa, lakini hilo ni wazo letu tu, hatujalipima.

[10:58] Mjomba Shabani: Uzuri wa injini yenye pande mbili ni kwamba kila kifaa kina pacha wake. Kile kiboksi cha sensa ya joto cha kulia kipelekeni kushoto, cha kushoto kije kulia. Taa ikihamia kushoto, kiboksi kinadanganya. Ikibaki kulia, kiboksi kinasema kweli. Washeni dakika chache hapo hapo lilipo. Nuru, kile kipimajoto cha kuelekeza kwa mbali kipo?

[10:59] Nuru: Kipo.

[11:34] Nuru: Imemeta tena kulia. Nimezima papo hapo. Bomba baada ya masega: kushoto 240, kulia 410.

[11:35] Mjomba Shabani: Basi kiboksi hakina kosa na sensa haina kosa. Upande wa kulia unaungua kweli. Shemeji, fikiria kama ungechomoa ile soketi ya taa.

[11:36] Idrisa: Nasoma hapa mwili unasisimka.

[11:40] Nuru: Na Mjomba, likiwa sailensa, yaani linaunguruma bila kukanyagwa mafuta, linatikisika kidogo. Nadhani inamisi. Nilidhani ni uzee tu.

[11:46] Mjomba Shabani: Uzee hautikisi injini, kuna silinda haifanyi kazi. Acheni ipoe kwanza. Kisha iwake, na chomoa soketi za injekta, zile zinazonyunyizia petroli, za upande wa kulia moja baada ya nyingine, ukirudisha kila moja. Usichomoe waya wa plagi: utapigwa na umeme, na petroli mbichi itaendelea kwenda kwenye masega. Ukichomoa injekta ya silinda nzima, injini inalegea. Ukichomoa ya mgonjwa, hutasikia tofauti yoyote.

[13:22] Nuru: 1 inalegea. 2 inalegea. 4 inalegea. 3 hakuna tofauti hata kidogo.

[13:24] Mjomba Shabani: Toa plagi ya 3. Piga picha plagi, ile shingo ndefu inayoishika, na shimo lenyewe.

[13:51] Nuru: [picha] [picha] [picha]

[13:52] Nuru: Plagi imelowa, inanuka petroli. Na shimoni kuna oili, kama kijiko kimoja.

[13:53] Baba Nuru: Oili? Oili imefikaje kwenye shimo la plagi?

[14:05] Mjomba Shabani: Kuza ile picha ya pili. Kuna mstari mwembamba wa kijivu ubavuni mwa shingo, kama njia ya siafu. Hapo ndipo cheche imekuwa ikipitia kwenda kwenye chuma cha injini badala ya kushuka kwenye plagi. Gasketi ya kifuniko cha juu imekakamaa, oili inapenya shimoni, mpira unavimba, umeme unatafuta njia fupi. Silinda 3 ikanyimwa moto, petroli yake ikaenda kuungulia kwenye masega, taa ikawaka, kompyuta ikazima upande mzima. Kompyuta ambayo ilitakiwa kutupwa jana ndiyo iliyoliokoa gari.

[14:06] Shangazi Zainabu: Subhanallah. Gasketi tu.

[14:20] Nuru: Nimechukua shingo ya 3 nikaipeleka 2, ya 2 nikaileta 3, na oili nimeifuta. Sasa inayomisi ni 2.

[14:21] Mjomba Shabani: Sikukwambia ufanye hivyo.

[14:21] Nuru: Samahani Mjomba.

[14:22] Mjomba Shabani: Usiombe samahani. Nimefurahi mno. Huo ndio ushahidi wenyewe.

[14:30] Mjomba Shabani: Kabla hatujaagiza vitu, nataka kujua kama petroli mbichi imeidhuru silinda 3. Inaosha oili ukutani, ringi zinasuguana kavu. Toeni plagi zote nane, fyuzi ya pampu ya petroli na ya moto wa plagi zitoke, pima mgandamizo. Mmoja akanyage mafuta hadi mwisho, mwingine apige stata.

[16:02] Nuru: Kulia: 12.4, 12.3, 12.2, 12.5. Kushoto: 12.5, 12.4, 12.4, 12.3. Zote ni baa.

[16:04] Mjomba Shabani: Tofauti ya 0.3 kati ya silinda nane, injini ya miaka hiyo. Babu aliitunza hii. Sina neno lingine.

[16:05] Baba Nuru: Nimesoma hii mara tatu.

[16:11] Baba Nuru: Basi orodha ni gasketi za vifuniko, shingo za plagi, plagi. Nikipata hivyo, tunafunga na kulitoa?

[16:13] Mjomba Shabani: Swali moja, na ilinipasa kuliuliza jana kabla ya yote. Mikanda ya taimingi, ile inayopatanisha valvu na pistoni, ilibadilishwa lini?

[16:40] Shangazi Zainabu: Daftari lake la gari ninalo mimi, lilikuwa kwenye sanduku. Subirini.

[16:58] Shangazi Zainabu: [picha] Mwandiko wake huu hapa. "Mikanda yote miwili na beringi zake, Machi 2013, km 41,200."

[17:00] Nuru: Leo linasoma 44,050.

[17:01] Idrisa: Kilomita 2,850 tu. Si bado mipya?

[17:12] Mjomba Shabani: Mpira hauhesabu kilomita peke yake. Gari likilala, mkanda unakaa umejikunja pale pale kwenye puli mwaka baada ya mwaka, unakauka. Wenye magari haya hubadilisha kila miaka 3 hadi 5 hata kama hayatembei. Na kwenye injini hii valvu na pistoni zinapishana kwa nafasi ndogo sana. Mkanda ukikatika au ukiruka meno, pistoni inagonga valvu, na zile baa 12 zote nane tulizozifurahia zinapotea kwa sekunde moja. Tumeliwasha mara kadhaa leo na limetuvumilia. Mimi sithubutu kulipigia stata tena.

[17:15] Baba Nuru: Na mikanda iko upande wa kwenye viti. Si lazima injini ishushwe?

[17:16] Mjomba Shabani: Ishushwe kwa chini, pamoja na fremu yake. Ni kazi kubwa, sikufichi. Ila ikishuka, gasketi, mipira ya petroli, athi zote za nyuma, vyote vinafikika. Nitakuja mwenyewe, tutashusha pamoja. Nuru atashika daftari na kuandika kila boliti inakotoka.

[17:18] Nuru: Naomba niandike kwenye hilo hilo la Babu, Shangazi. Kurasa bado zipo?

[17:19] Shangazi Zainabu: Zipo nyingi, mwanangu. Nakuletea kesho.

[17:24] Baba Nuru: Nimechomoa waya wa betri. Ufunguo nimempa Mama Nuru.

[17:25] Mama Nuru: Ninao. Hautoki mpaka kaka Shabani afike.