Seva tatu, moja ndiyo inabeba karibu mzigo wote. Nakosea wapi?

Kibuyu_Data:
Wakuu, heshima mbele. Nina mfumo wa tiketi, mbele yupo Nginx, programu inayopokea maombi ya wageni na kuyagawa, nyuma yake seva tatu zinazofanana kwa kila kitu. Nilitegemea kila moja ichukue theluthi. Badala yake seva ya kwanza prosesa iko juu ya asilimia 90 kutwa nzima, nyingine mbili zimejikalia tu.

Mwanzoni mgao ulikuwa wa zamu kwa zamu na mzigo ulilingana vizuri. Shida ni kwamba mtu akishaingia kwenye akaunti, akibonyeza ukurasa wa pili anaambiwa aingie upya. Nikaweka ip_hash, inayompeleka mteja yule yule kwenye seva ile ile, malalamiko yakaisha, na hili likaanza. Niongeze seva ya nne?

Mzee_wa_Waya:
Usiongeze kitu kwanza. Watumiaji wako wengi wanatumia simu?

Kibuyu_Data:
Karibu wote, mkuu.

Mzee_wa_Waya:
Basi nakushuku hapo. ip_hash haiangalii seva ipi imechoka. Inachukua anwani ya IP ya mteja, kwa IPv4 ni sehemu tatu za kwanza tu kati ya nne, inapiga hesabu na kupata seva. Anwani zote 256 za kundi moja zinaangukia seva moja. Na mitandao ya simu huficha wateja wengi mno nyuma ya anwani chache. Wewe unaona umati, Nginx anaona watu wachache. Ukiweka seva ya nne hesabu itabadilika, lakini umati ule ule utahama kwa pamoja.

Sina_Haraka:
Kabla hujalaumu simu, fungua logi, yaani orodha ya maombi yaliyoingia, uone Nginx anasoma anwani gani. Kama kuna kitu kingine mbele yake kinachopokea wageni, anaona anwani ya hicho kitu peke yake.

BintiSeva:
Hayo yote ni dalili tu jamani. Ugonjwa ni kwamba kila seva inatunza taarifa za aliyeingia kwenye kumbukumbu yake yenyewe. Zihamishie Redis, hifadhi ya data iliyo nje ya seva hizo, seva zote zisome hapo, halafu yeyote amhudumie yeyote. Ukishafanya hivyo tupa ip_hash, weka least_conn: ombi jipya linakwenda kwenye seva yenye miunganisho michache inayoendelea. Zamu kwa zamu haijui kwamba ripoti ya sekunde 20 ni nzito kuliko picha ndogo. Na usisahau kuweka zone, kumbukumbu ya pamoja ya michakato ya Nginx, bila hiyo kila mchakato wa Nginx unahesabu kivyake.

Mzee_wa_Waya:
Binti kasema kweli, ila least_conn ina mtego wake. Seva ikiharibika ikawa inarudisha kosa la 500 (hitilafu ya ndani ya seva) papo hapo, miunganisho yake inaisha haraka kuliko ya wenzake. Nginx anaiona haina kazi, anazidi kuirushia wateja. Na kwa mipangilio ya kawaida, 500 haihesabiwi kuwa seva imeshindwa. Zinazohesabiwa ni kama kukatika kwa muunganisho na kuchelewa kujibu. Ongeza http_500 kwenye proxy_next_upstream, mstari wa mipangilio unaotaja ni makosa gani yafanye ombi lipelekwe seva nyingine. Nilikesha usiku mmoja kwa sababu ya mstari huo.

Kibuyu_Data:
Na Nginx mwenyewe akifa?

BintiSeva:
Weka wawili, programu ya keepalived iwape anwani moja ya pamoja. Mmoja akizima, mwenzake anaichukua. Hiyo Redis nayo usiiache peke yake.

Kibuyu_Data:
Mrejesho. Nimefungua logi: mstari baada ya mstari ni anwani moja, ya kifaa cha ulinzi nilichokiweka mwenyewe mbele mwezi uliopita nikakisahau. Sina_Haraka, nakudai ulijuaje?

Sina_Haraka:
Nami nilikisahau changu.

Kibuyu_Data:
Hahaha. Nimemwelekeza Nginx asome anwani halisi na mzigo umeanza kugawanyika, ingawa seva ya pili bado imezidi kidogo. Redis naanza nayo kesho.