Diploma au digrii ya uuguzi? Wauguzi wa Zenji naomba ushauri

BintiChake: Assalamu alaykum. Nimemaliza form six, PCB (fizikia, kemia na baiolojia), pasi za kuingilia digrii nnazo. Baba anataka nende diploma SUZA, chuo kikuu cha taifa cha Zanzibar, kule Mbweni, miaka 3 nirudi Pemba niombe kazi, maana nyuma yangu wadogo zangu bado wako skuli. Mama mdogo kashikilia digrii, anasema nikianza diploma nitaolewa na kusoma ndo basi tena. Mie nnachotaka ni wodi ya wazazi, kuzalisha, ofisi siitaki. Kuna tofauti gani hasa mkishaingia kazini?

MkungaWete: Waalaykum salaam mwanangu. Mie nina diploma na wodi ya wazazi ndo kwangu. Mama akishika uchungu saa nane za usiku hakuna anaekuuliza cheti, unapima njia, unasikiliza mapigo ya mtoto, unajaza patografu, ile chati ya maendeleo ya uchungu, akishazaa unamchoma sindano ya oksitosini yuniti 10 ndani ya dakika 1 asije akamwaga damu, na mtoto asipolia ushike ambubegi, ule mfuko wa kumpulizia pumzi, weye mwenyewe maana daktari yuko paresheni. Hapo diploma na digrii kazi ni moja. Tofauti utaiona kwenye mshahara wa kuanzia na vyeo.

kaka_wa_wodi: Bi mkunga nakuheshimu sana ila mie nasema digrii. Wa form four hana njia ila diploma, huyu anayo, kwanini aizunguke? Lakini mdogo wangu mwambie baba ukweli wote, digrii ni miaka 4 na juu yake intanshipu, mafunzo ya kazi hospitali, mwaka 1, kwahiyo ni 5 kwa 3. Nenda Bodi ya Mikopo Zanzibar ukaulize kwanza kabla hamjagombana nyumbani kwa ajili ya ada. Bara mwenye diploma anaitwa afisa muuguzi msaidizi, mwenye digrii afisa muuguzi, na hilo neno msaidizi linakufuata mpaka urudi kusoma.

Mjukuu_wa_Makunduchi: Dada yangu yuko Marekani, mjadala huuhuu na kule upo. Wana associate ya miaka 2, kama diploma yetu, na bachelor ya miaka 4, ndo digrii, wote wanafanya mtihani mmoja wa usajili, NCLEX-RN, na wote wanasajiliwa sawa. Ila hospitali nyingi kubwa zinapenda bachelor, na New York walipitisha sheria 2017 wauguzi wapya wenye associate waipate bachelor ndani ya miaka 10.

BintiChake: Ahsanteni sana, intanshipu hata baba haijui. Bi mkunga, nikichukua diploma njia ya digrii si inabaki wazi?

MkungaWete: Iko wazi ila usisome kwa kupita tu, vyuo vinataka GPA, yaani wastani wa alama zako za diploma, kuanzia 3.0 na vyeti vyako vya form four viwe vizuri. Aga Khan pale Dar wana digrii ya wauguzi walioko kazini. Panapokwamisha watu ni ruhusa, wodi ina wauguzi wachache, bosi anakwambia subiri mwakani, na mwakani tena, huku ushapata watoto. Kama mkopo utapatikana, mie na diploma yangu nakwambia nenda digrii, kuzalisha hakuna atakaekunyang'anya.

BintiChake: Naweza kuja siku mbili tatu niione kazi kabla sijajaza fomu?

MkungaWete: Andika barua kwa daktari dhamana wa hospitali, wazazi wana stara yao haingii mtu hivihivi. Ipeleke mwenyewe kwa mkono, itajibiwa haraka.