Mjadala: Pati tu inaweza kuizidi pati wani? Mimi nasema inaweza, ila kwa sharti

Wakuu, habari za jioni.

Hapa Mwanza kuna kauli watu wameigeuza sheria: pati wani, yaani filamu ya kwanza, ndiyo muvi; pati tu, yaani muendelezo wake, ni biashara. Utaikuta Kirumba kwenye mabanda ya video, utaikuta Makoroboi kwa vijana wanaotuwekea muvi kwenye flashi, hata ndani ya meli ya kwenda Nansio, Ukerewe, utakuta watu wanabishana na mmoja anaimaliza kesi kwa maneno hayo hayo. Naipinga, na nitaipinga kwa mifano.

Kwanza tukubaliane imetoka wapi. Tumekua na muvi za Nigeria na za Bongo ambazo hadithi moja ilikatwa katikati ikauzwa mara mbili. Unanunua ya kwanza, inakatika mama mkwe akiwa mlangoni na sumu mkononi, unarudi dukani kutoa hela tena. Ile haikuwa filamu nyingine, ilikuwa nusu iliyobaki. Tena mara nyingi nusu iliyolegea: magari yanaingia getini taratibu, watu wanapanda ngazi, muziki unavutwa ili dakika zitimie. Aliyetendewa hivyo miaka nenda rudi ana haki ya kuichukia pati tu. Lakini huo ulikuwa ujanja wa soko. Haufai kupimia filamu ambayo mtu ameketi akaiandika upya, ina mwanzo wake na mwisho wake.

Sasa sharti langu. Pati wani hutufanya tumpende steringi, yule shujaa wa muvi. Pati tu huizidi pale inapothubutu kumfikisha steringi huyo mahakamani: huyu mliyemshangilia ni nani hasa, na ushindi wake umewagharimu nini walio karibu naye? Pati tu mbovu humpa zawadi tu. Bunduki kubwa zaidi, maadui wengi zaidi, mlipuko wa juu zaidi.

Mfano wangu mkubwa ni The Godfather. Ile ya 1972 inamchukua Michael Corleone, kijana aliyetoka vitani na asiyetaka kazi ya baba yake, hadi anakalia kiti cha baba. Siku anayosimamia ubatizo wa mtoto wa dada yake, watu wake wanawamaliza maadui wa familia mmoja mmoja, nasi tunatazama kama vile haki imetendeka. Ya 1974 inauchukua ushindi ule ule na kutuonyesha umezaa nini. Michael ana mali, ana walinzi, ana makazi makubwa kando ya Ziwa Tahoe, na nyumba yake inamomonyoka. Mkewe anamkimbia. Kaka yake Fredo amemsaliti, tena kwa unyonge na wivu wa kaka aliyerukwa, wala hakudhamiria auawe.

Ninyi mnaoishi na ziwa, naomba mkaitazame sehemu ya Fredo kwa macho yenu. Yuko kwenye boti ndogo, amekwenda kuvua. Anasali Salamu Maria, kwa sababu aliwahi kumweleza mtoto wa Michael kwamba akiisali hupata samaki. Nyuma yake ameketi mtu wa Michael. Michael mwenyewe yuko ndani, dirishani. Unasikia mlio mmoja wa risasi, basi. Katika filamu yote ya 1972, pamoja na uzuri wake, sijaona mahali penye uzito huo.

Na huku hayo yakiendelea, Francis Ford Coppola anatupeleka nyuma kumwona baba yao, Vito, akiwa kijana New York, akiijenga familia ambayo mwanawe anaibomoa. Marlon Brando alipewa Oscar kwa kumwigiza Vito mzee; Robert De Niro naye akapewa kwa kumwigiza Vito huyo huyo akiwa kijana, na sehemu kubwa anazungumza Kisisilia. Filamu hiyo ndiyo muendelezo wa kwanza kuchukua Oscar ya filamu bora. Tuzo pekee si hoja, maana tuzo hukosea, lakini nani atasema ile ilikuwa biashara tu?

Mfano wa pili mnaufahamu wote. Mwaka 1984, kwenye The Terminator, Arnold Schwarzenegger ndiye muuaji, mashine iliyotumwa kutoka wakati ujao. Mwaka 1991, kwenye pati tu yake, James Cameron anatutega. Arnold anashuka tena kutoka wakati ujao na anamtafuta mtoto. Kuna na mwingine mwembamba mwenye sare za polisi, naye anamtafuta mtoto huyo huyo. Wewe uliyeona ya kwanza unajua adui ni nani. Wanakutana ukumbini nyuma ya maduka, Arnold anachomoa bunduki kwenye boksi la maua, na anayepigwa siye mtoto, ni yule mwenye sare. Watasema ni hela, kwa kuwa ya kwanza iligharimu takribani dola milioni 6.4 na ya pili takribani milioni 100. Hela ilinunua yule adui wa chuma kinachoyeyuka. Ule mtego haukuhitaji hela, ulihitaji akili ya mtu aliyejua tumebaki na nini vichwani.

Na upande wa hasara, Rambo. Najua nagusa pabaya. Kwenye First Blood ya 1982, John Rambo ni askari aliyerudi Vietnam, anamfuata rafiki yake na kukuta amekufa kwa saratani. Anafika kimji kidogo, mkuu wa polisi anamfukuza kama mzururaji, wanamkamata, wanampiga, anakimbilia msituni. Filamu nzima anayekufa ni mmoja, aliyeanguka kutoka kwenye helikopta. Mwishoni Rambo analia kwenye mikono ya kanali wake, anasimulia rafiki aliyemfia mikononi. Kisha 1985 wakamtoa gerezani, wakamrudisha Vietnam ile ile, akauliza kama safari hii wataruhusiwa kushinda, na akashinda. Kilio chote cha filamu ya kwanza kimefutwa kwa mishale ya kulipuka. Hapo walionena kwamba ni biashara wamenena kweli.

Naomba kuwasilisha. Hoja ijibiwe kwa hoja.

*

Mdau wa Igoma:
Mkuu, umeandika vizuri ila umejifunga mwenyewe. Kama sharti ni kumfikisha steringi mahakamani, basi The Godfather ya tatu, ile ya 1990, ingekuwa bora kuliko zote. Humo Michael amezeeka, anaungama dhambi zake kwa kadinali, analia kwa ajili ya Fredo, na binti yake anauawa kwa risasi iliyomlenga yeye. Hukumu gani zaidi ya hiyo? Na bado ni dhaifu kuliko mbili za kwanza, hata wewe unajua.

Halafu hujagusa jambo kubwa. Aliyetangulia aliumba kila kitu: ule ulimwengu, zile sura, ule muziki. Aliyefuata alikuta nyumba imejengwa, akaongeza chumba. Tunawezaje kumpa huyu wa pili heshima ya fundi mkuu?

*

Mwanzisha mjadala:
Mkuu wa Igoma, hoja ya ile ya tatu ni nzito na nimefurahi umeileta. Jibu langu ni kwamba kesi ilikwisha kuhukumiwa 1974. Filamu ya pili inaisha Michael akiwa ameketi peke yake, anakumbuka meza ya familia ambayo wote wameshaondoka. Hapo hukumu imesomwa. Ya tatu inarudisha mshitakiwa yule yule kwa kosa lile lile, na safari hii anajieleza kwa maneno. Kwa hiyo sharti langu lisimame hivi: lazima kesi iwe mpya.

Kuhusu aliyetangulia, heshima ya uanzilishi hakuna anayemnyang'anya. Lakini swali la mjadala halikuwa nani alianza. Aliens ya 1986 iliongozwa na Cameron wakati Alien ya 1979 ni ya Ridley Scott. The Empire Strikes Back ya 1980, muendelezo wa Star Wars, iliongozwa na Irvin Kershner, siyo George Lucas aliyeongoza ya kwanza. Wote wawili walikuta nyumba imejengwa, kama ulivyosema. Kershner akaiacha filamu iishe steringi akiwa amekatwa mkono na ameambiwa kwamba adui yake ndiye baba yake. Hicho si chumba cha kuongeza, mkuu. Hapo hata msingi umechimbuliwa.

*

Mdau wa Buzuruga:
Mimi naendesha banda, acha niseme ninachokiona kwa macho. Mnabishana kana kwamba watu wote wanaona ya kwanza halafu ya pili. Wateja wangu wengi waliikuta ya pili kwanza, kwa sababu ndiyo iliyofika. Anayeanza na ya pili huipenda hiyo hadi kufa, na ukimwekea ya kwanza anaona imepooza. Jambo la pili ni mtafsiri, yule anayetusimulia muvi kwa lugha yetu juu ya sauti yake. Toka enzi za Lufufu hadi hawa wa sasa, na hawa wa Uganda kina VJ Jingo ambao wenzetu wa Bukoba wanawasikia sana, mtafsiri anaweza kuibeba muvi nyepesi na kuizamisha nzito. Watu wakisema pati tu ni kali, mara nyingine wanamsifia mtafsiri.

Kwangu iliyovunja rekodi ni Baahubali ya India. Ya 2015 iliisha kwa swali, kwa nini Kattappa, askari wake mtiifu, alimuua Baahubali, na watu walikuja kuniuliza hadi ya 2017 ilipotoka. Na K.G.F ya pili, ya 2022, steringi Rocky anazama baharini na dhahabu yake. Banda lilinyamaza. Watu wamezoea kwamba steringi hafi.

*

Mwanzisha mjadala:
Mkuu wa Buzuruga, la mtafsiri nakuunga mkono kabisa, na ningependa siku moja mtu aandike juu yake peke yake. K.G.F nakupa: Rocky anavuna alichopanda, na ahadi aliyompa mama yake ndiyo inayomzamisha.

Baahubali naiweka pembeni. Ni hadithi moja iliyogawanywa, na ya 2015 haijakamilika bila ya 2017. Nikiri tu kwamba ile nusu ya pili ina kitu ninachokitafuta: malkia Sivagami, ambaye tulimwamini kama sheria yenyewe, ndiye anayetoa amri ya mwanawe kuuawa kwa kudanganywa. Anayehukumiwa pale ni yeye.

*

Dada wa Malimbe:
Kaka, kwenye Terminator umemtaja Arnold na mtego wake, umemruka Sarah Connor, na yeye ndiye ushahidi wako mkubwa. Mwaka 1984 ni mhudumu wa mgahawa anayekimbizwa. Mwaka 1991 amefungwa hospitali ya wagonjwa wa akili, mwili umekuwa wa askari, hata mwanawe akimkumbatia yeye anampapasa kuangalia kama ameumia. Halafu anakwenda na bunduki nyumbani kwa mwanasayansi Dyson, ambaye kazi yake itakuja kuzaa mashine hizo, anamfyatulia risasi mke na mtoto wakiwepo. Kwa dakika hizo yeye ndiye mashine iliyotumwa kuua mtu kwa kosa ambalo bado hajalitenda. Anashindwa kumalizia, anakaa chini analia.

Ila hapo ndipo ninapotofautiana nawe. Asiyemjua yule mhudumu wa 1984 hawezi kuumia kwa huyu wa 1991. Uzito wa pili umekopwa kwa wa kwanza. Sasa unawezaje kusema mwenye kukopa amemzidi mwenye mali?

*

Mwanzisha mjadala:
Dada, umemweleza Sarah kuliko ambavyo ningeweza, asante. Kuhusu mkopo: kila pati tu hukopa, hata ile ya Rambo. Tunachopima ni alichofanya na mkopo. Mteja wa banda la Buzuruga aliyeanza na ya 1991 hamjui yule mhudumu, na bado anamwona mama anayetetemeka na bunduki mbele ya mtoto wa mwenzake. Sehemu hiyo inasimama kwa miguu yake. Kwa aliyeona ya kwanza inauma mara mbili, na uchungu huo wa pili ya 1984 isingeweza kuutoa hata ingetaka.

*

Mdau wa Ukerewe:
Vijana, mmesema mengi ya vitabuni. Sisi Rambo tulimtazama kwa jenereta, watu wametoka kuvua dagaa usiku kucha, wamelala mchana, jioni wanakuja na hela yao. Hakuna aliyekuja kumtazama mwanaume analia. Ile ya pili tulitoka tumesimama wima. Mtu anayeonewa kila siku, kuona mmoja aliyeonewa anarudi na kushinda, hiyo nayo ni kazi ya filamu. Mbona furaha ya watu hamuihesabu kwenye vipimo vyenu?

*

Mwanzisha mjadala:
Shikamoo mzee wangu. Furaha naihesabu, na kama kipimo kingekuwa kusimama wima tu, Rambo ya 1985 ingeshinda bila ubishi. Ninachokataa ni kwamba furaha na hukumu haziwezi kukaa pamoja. Nikupe ya Jackie Chan, maana najua Ukerewe huyo ana watu wake. Drunken Master ya 1978 ni raha tupu: kijana mtundu anafundishwa kupigana kwa mtindo wa mlevi, anashinda. Ya 1994 inamrudia kijana yule na kuuliza swali ambalo ya kwanza ilicheka nalo, pombe hii itamfikisha wapi? Baba yake amempiga marufuku ule mtindo. Anakunywa, anawapiga watu, baba anamfukuza nyumbani, anazidisha hadi hajiwezi, na maadui wanamwaibisha mbele ya mji mzima. Ndipo inapokuja fainali kiwandani, na adui yule mwenye miguu isiyoshuka chini, Jackie akiangukia makaa ya moto na kunywa pombe ya viwandani ili aweze kusimama. Hapo mnasimama wima, mzee, na mnajua aliyesimama amelipa nini. Iweke banda la Nansio jioni moja, siku inayofuata weka ile ya 1978, kisha uniambie watu wameomba ipi irudiwe.