Fundi kapiga tindo sakafu ya mninga ya babu, eti "anailinda"!

Binti Raskazone
Wakuu, naandika huku natetemeka. Yule fundi. Jina sitaji, watu wa Tanga mnamjua, yule ambaye kila nyumba anayoingia hutoka na advansi na kuacha msiba. Leo zamu imekuwa yangu.

Sebule ya babu ina vibao vya mninga wa Tabora, vimepangwa mfupa wa samaki tangu miaka ya 1960. Bibi alikuwa akivipaka nta, kisha anafunga vipande vya blanketi miguuni anatembea juu yake mpaka vinang'aa. Sasa naingiza wapangaji, nikasema nivifunike, maana mpangaji haburuti friji kwa huruma. Nikamwelekeza kwa kinywa changu: tandika sponji, juu yake weka zile mbao za kuchomekana, bila gundi, bila msumari, siku nikizitoa niukute mninga wangu kama nilivyouacha. Akaitikia "sawa dada" mara kumi.

Saa nne narudi sokoni, namkuta kapiga magoti, tindo mkono huu, nyundo mkono ule, anauchimba mninga! Eti anautia makovu ili saruji ishike, apige marumaru juu. Nikamuuliza, wewe unafanya nini? Akanijibu bila hata kuinua kichwa: "Dada, nailinda sakafu."

ANAILINDA! Kwa TINDO! Vibao 31 nimevihesabu. Kile cha mlangoni, chenye alama ya stendi ya baiskeli ya babu, kimepasuka katikati. Mchwa wenyewe, wanaokula nyumba ikabaki bati, mninga uliwashinda. Umekuja kuuawa na mtu mwenye advansi yangu mfukoni. "Dada, nailinda." Nitakufa nayo hiyo sentensi.

Mzee wa Ngamiani
Picha ziko wapi? Uzi bila picha ni hadithi.

kitumbua_moto
Yaani umemwachia YULE funguo ukaenda sokoni? Mimi hata banda la kuku simwachii.

Seremala Pongwe
Pole sana dada. Shukuru umemkuta na tindo, hujamkuta na ndoo ya saruji. Vibao vingekunywa yale maji, vikavimba, vikanyanyuka, na siku ya kubandua marumaru unang'oa na mninga wenyewe. Vyenye makovu madogo piga msasa, utie vanishi upya. Vilivyopasuka tafuta mninga mkavu, uchonge vingine. Na kabla ya kutandika sponji, hakikisha sakafu haina unyevu. Huku pwani mbao ikifungiwa jasho lake inaota ukungu kimyakimya, unakuja kugundua kwa harufu.

kitumbua_moto
Seremala naye keshapata kazi humu humu.

Shemeji wa Korogwe
Afadhali wewe dada. Mimi mwenye nyumba wangu alibandika kapeti la plastiki kwa gundi juu ya mbao za mvule, naye alisema anazilinda. Tumelibandua, limetoka na vanishi yote. Sakafu ina madoa kama chui.

Mzee wa Ngamiani
Angalau huyo alikuwa na mvule. Mvule ndiyo mbao, mninga mnaupa sifa tu.

Seremala Pongwe
Mzee, mvule nipe mlangoni. Sakafuni nipe mninga, ukishakauka hauvimbi ovyo wala haupindi.

Mzee wa Ngamiani
Nimekalia mvule tangu hujazaliwa.

Binti Raskazone
Jamani mnabishana mbao, mimi hapa bado nalisikia tindo! Na amedai nimlipe nusu siku! Anasimama juu ya vumbi la sakafu ya babu yangu, anadai nusu siku!

kitumbua_moto
Ukampa?

Mpangaji Chumbageni
Nusu siku ni nini? Fundi bomba wangu alidai hela ya kusubiri maji yakatike. Bomba lenyewe kaliunga kwa mpira wa baiskeli, usiku mzima tunakinga maji kwa masufuria.

Shemeji wa Korogwe
Huyo wa bomba ana pikipiki nyekundu, taa moja imefungwa kamba?

Mpangaji Chumbageni
Huyo huyo!

Shemeji wa Korogwe
Ana hela yangu tangu Ramadhani. Umemwona wapi?

Mpangaji Chumbageni
Yuko hapa nje anakula mihogo. Njoo haraka.