Mahindi yangu yanaliwa, huyu jamaa ananiuliza kama nilimaanisha viatu vya jeshi!

MkulimaMalava:
Wadau, mikono bado inatetemeka, mkiona herufi zimeruka msinihukumu. Leo saa kumi na mbili asubuhi nimeingia shambani nikakuta mahindi, yamefika magotini tu, majani yametobolewa kama chujio la chai. Nikafunua moyo wa mhindi mmoja. Umejaa kinyesi kama unga wa msumeno, na ndani kiwavi amejilaza kama mwenye shamba: alama ya Y iliyopinduliwa kichwani, madoa manne karibu na mkia. Nikamjua. Nikatoa simu hapo hapo, matope hadi kwenye vifundo, nikaandika "dawa ya viwavijeshi". Si Kiluhya, si sheng. Kiswahili cha darasani.

Yule jamaa mnayemjua nyote, mtambo wa kutafutia mtandaoni, yule tunayemuuliza kila kitu kuanzia dalili za malaria hadi njia ya kwenda matangani, akanijibu: "Je, ulimaanisha: viatu vya jeshi?"

Viatu! Vya jeshi!

Na chini yake akanipangia buti pea tatu, nyeusi, ngozi halisi, unaletewa hadi mlangoni. Mimi nauguza shamba, yeye ananivisha buti.

Nikateremka. Ukurasa uliofuata ni wa Marekani, ameutafsiri mwenyewe bila kuombwa. Huyu mdudu kwao ana jina la majira ya vuli, kwa sababu vuli ndipo huwasumbua. Neno lao la vuli, "fall", ni lile lile la kuanguka, basi yeye katafsiri "mnyoo wa jeshi la kuanguka". Nikasoma kwa sauti, maana mama alikuwa kando yangu na jembe lake anangoja dawa. Akanitazama, akauliza: "Kwani jeshi gani limeanguka, baba?" Ningemjibu nini mzazi wangu?

Na ushauri wenyewe! Ati baridi ya barafu humuua, ati huko huvuka majira ya baridi kusini mwa Florida na Texas tu, kisha kila mwaka huruka upya kwenda kaskazini. Kwa Mmarekani ni kweli kabisa. Malava nikangojee barafu ya wapi? Huku hana likizo. Tuko naye tangu 2017, anazaana mwaka mzima, na jike mmoja hutaga mayai elfu na zaidi kabla hajafa.

Kinachoniuma zaidi: Mbita iko hapa tu, unavuka ziwa kwa feri kutoka Luanda Kotieno. Kuna watafiti pale waliohangaika miaka na miaka na ile mbinu ya vuta-sukuma: mmea wa desmodiamu katikati ya mistari unawafukuza wadudu, na nyasi za nepia au brakiaria pembeni zinawavuta. Walianza na wadudu vipekecha shina na kayongo, lile gugu linalonyonya mizizi ya mahindi, baadaye wakapima wakaona hata viwavijeshi hupungua. Hayo niliyapata ukurasa wa tatu wa majibu. Wa tatu! Yako nyuma ya buti!

Viatu vya jeshi, wadau. Mahindi yanaliwa.

FundiTovuti_Nakuru:
Pole mkulima, lakini tulia. Yule hasomi kama wewe na mimi. Ana programu zinazozunguka mtandaoni zikikusanya kurasa, halafu anazipanga kwa maneno yaliyomo, kwa wingi wa kurasa nyingine zinazoelekeza pale, kwa lugha yako na mahali ulipo. Kurasa za viwavi kwa Kiswahili ni chache, basi pengo analijaza kwa Kiingereza alichotafsiri. Neno lako likiwa halitafutwi sana, anadhani umekosea, anakusogezea lile wengi wanaloandika. Na hizo buti za juu zimelipiwa, angalia vizuri, pana neno dogo la tangazo.

MkulimaMalava:
Sawa, nimekuelewa. Sasa nani alimtuma anisahihishe Kiswahili? Nani anatafuta viatu vya jeshi alfajiri akiwa katikati ya mahindi?

Mwana_wa_Webuye:
Ungezinunua tu kaka, ukawakanyage nazo hao viwavi 😂😂

MamaWaKitale:
Mwanangu, weka majivu au mchanga kidogo ndani ya moyo wa kila mhindi. Ukipata dawa, nyunyiza jioni jua likizama, mchana wanajificha ndani.

Dada_wa_Dunga:
Malava shukuru hata umepata viatu. Mimi niliandika "bei ya ngege Kisumu". Akaniambia nilimaanisha "bei ya ndege Kisumu", akanipa safari zote za Nairobi na saa za kuondoka. Nina wateja wamekaa mezani wanangoja samaki, mimi naonyeshwa viti vya dirishani!

NakuruKwetu:
Hayo madogo. Sisi tuliweka tangazo la harambee ya kanisa kwa Kiswahili, "tutaanza saa mbili asubuhi". Mgeni wetu kutoka Uingereza akabonyeza tafsiri, akapewa saa mbili ya kizungu. Alifika getini saa nane usiku na suti yake. Mlinzi alikaribia kupiga kamsa.

MkulimaMalava:
Mambo ya saa fungueni uzi wenu. Hapa tunazungumzia viatu vya jeshi.

Mwana_wa_Webuye:
Mgeni alichanga lakini?

NakuruKwetu:
Alichanga, tena vizuri. Alilala kwenye gari hadi asubuhi.

Kijana_wa_Kondele:
Dada wa Dunga, hao ngege wako ni wa ziwani au wa kufugwa kwenye vizimba?

Dada_wa_Dunga:
Wa ziwani! Fungua mashavu uone, mekundu. Wa vizimba mimi siweki mezani kwangu.

FundiTovuti_Nakuru:
Wa vizimba wana shida gani? Wananona, na wote saizi moja.

Kijana_wa_Kondele:
Wananona kwa chakula cha gunia. Mtu wa Nakuru atajua nini kuhusu samaki, nyinyi mna flamingo.

MkulimaMalava:
Wadau, nimeweka majivu mistari miwili. Huyo kiwavi akitoka moyoni anaenda wapi, anaingia mchangani ama?

NakuruKwetu:
Flamingo mwache, usimguse kabisa.

Dada_wa_Dunga:
Kondele, njoo kesho kabla ya saa saba mchana, nikukaangie mmoja na mboga ya osuga. Ukichelewa utakuta mifupa.